Kabla Hujapanda Lantana Mpanda

Lantana hujinadi yenyewe. Kishada kimoja kina njano katikati, rangi ya chungwa ikifuatia, na wekundu pembezoni. Ukikirudia kesho utakuta rangi zimehama, kwa kuwa kila kijiua hufunguka kikiwa cha njano na kugeuka kadiri kinavyozeeka. Vipepeo hawabanduki. Haidai mbolea, inastahimili kiangazi cha Mei hadi Oktoba bila mtu kuibebea ndoo ya maji, na tawi lake likichomekwa ardhini wakati wa mvua hushika. Mtumishi aliyehamishwa kutoka Tanga au Bagamoyo akapangiwa nyumba Mpanda yenye uwanja mkavu, hapati ua jingine lisilomsumbua kama hili. Huvifunga vipandikizi kwenye gazeti lililoloa, huvipakia kwenye basi la Tabora au treni ya Kaliua, na kabla ya mwisho wa wiki vimekwisha kuwa ardhini.

Ushauri wangu ni kwamba asivipande. Na aliyekwisha kupanda, ang'oe. Ningeweza kuishia hapo, lakini mtu hang'oi ua alilolipenda kwa sababu tu ameambiwa, na hata akikubali, wengi huling'oa vibaya na kuliacha na nguvu kuliko mwanzo.

Si suala la ugeni. Mahindi ni mgeni, muhogo ni mgeni, tumbaku ni mgeni. Vyote vilivuka bahari kutoka Amerika kama lantana ilivyovuka, na leo ndivyo vinavyolisha na kusomesha watoto wa Katavi. Lakini hakuna aliyewahi kukuta shamba la mahindi lililojiotesha lenyewe katikati ya miombo. Lantana hujiotesha. Waholanzi waliichukua Amerika ya kitropiki wakaipeleka Ulaya katika karne ya 17, na huko watunza bustani wakaichanganya aina kwa aina, wakichagua iliyochanua zaidi na isiyokufa upesi. Kilichosambazwa baadaye katika makoloni, India mwanzoni mwa karne ya 19 na Afrika Kusini katikati ya karne hiyo, hakikuwa mmea wa porini. Kilikuwa kizazi cha bustanini kilichopikwa kwa makusudi kiwe kigumu. Mwaka 2000, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi, IUCN, lilipoorodhesha viumbe vamizi 100 vibaya kuliko vyote duniani, lantana ilikuwamo.

Kichaka kimoja kilichokomaa kinaweza kutoa hadi mbegu 12,000 kwa mwaka. Tunda lake ni dogo, jeusi linalong'aa, na ndege wanalipenda. Shorwe anakula kwako asubuhi, mchana anatua kwenye mti kando ya mto, na alichokula kinaanguka pale, chini ya kivuli, pamoja na mbolea yake. Kwa hiyo usijipime kwa kutazama uwanja wako. Wako unaweza kuwa safi, umepunguzwa vizuri, na mtu akipita anausifu, huku vitoto vyake viko kilomita kadhaa mbali mahali ambapo hutafika kamwe.

Hapo ndipo Mpanda inapotofautiana na Dar es Salaam. Kule ndege akitoka kwenye uzio wako hutua kwenye uzio wa jirani. Huku mji umezungukwa na miombo. Kusini ni Sitalike na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa 1974 na kupanuliwa 1998, yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 4,471, na barabara ya Sumbawanga inaikata katikati. Mto Katuma unapita kwenye mashamba yetu ya mpunga kabla ya kuingia hifadhini na kulisha Ziwa Katavi na Ziwa Chada. Kingo za mito ndizo lantana inazozipenda: pana unyevu, pana miti ya ndege kutua, na udongo umekwisha kuchokozwa na mifugo. Viboko wanaorundikana kwenye madimbwi ya Sitalike wakati wa kiangazi tayari wana shida ya maji inayowatosha. Hawahitaji na kuta za miiba kwenye njia zao za kwenda malishoni.

Na tusijidanganye kwamba mimea ya mapambo haiwezi kufika huko. Mfano uko kwa jirani zetu wa Kigoma. Katika milima ya Mahale, ambako watafiti wa Kijapani wamewafuatilia sokwe tangu 1965, kuna mti wa maua ya njano uitwao Senna spectabilis. Uliletwa na watu kama pambo wakati bado kuna vijiji mle, kabla eneo halijatangazwa hifadhi mwaka 1985. Watu walihama, maua yakabaki, na hayakubaki pale yalipopandwa. Yaliingia msituni, na wahifadhi wakalazimika kufanya majaribio ya kukata na kubandua magome ili kuona namna ya kuyapunguza. Huko Serengeti na Mara, watafiti waliozunguka kambi na hoteli za kitalii walikuta bustani zimejaa mimea ya kigeni iliyopandwa ili mgeni afurahi, na mingine ilikwisha kuvuka uzio. Gugumaji lililowatesa wavuvi wa Ziwa Victoria kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 lilisambazwa duniani kama ua la kidimbwini. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya popote pale.

Ng'ombe, mbung'o, na wanaoitetea

Kwa wafugaji sina maneno ya kupamba: lantana ni sumu. Ina kemikali iitwayo lantadini inayoharibu ini. Ng'ombe, kondoo na mbuzi waliokulia karibu nayo kwa kawaida huiruka, kwani majani yake yana harufu kali na yanakwaruza. Wanaoumia ni mifugo wageni wenye njaa. Sasa fikiria mifugo inayoswagwa kutoka mbali kuelekea Mpimbwe au Mlele mwezi wa Septemba, nyasi zimeungua, na kitu pekee cha kijani kando ya njia ni kichaka hiki. Mnyama aliyekula vya kutosha huacha malisho, tumbo hufunga, weupe wa macho hugeuka manjano, na ngozi ya puani na sehemu zisizo na rangi hupasuka anapokaa juani, kwa sababu ini lililoharibika linashindwa kuondoa vitu vinavyoifanya ngozi iogope mwanga. Ukiona hivyo mwondoe malishoni, mweke kivulini penye maji, na umwite mganga wa mifugo siku hiyohiyo. Asikwambie mtu kwamba ni ndigana ukaanza kuchoma sindano za kubahatisha.

Zaidi ya hapo, usiwatupie mbuzi matawi uliyoyapogoa. Watu wengi hufanya hivyo kwa kila kinachokatwa uani, na kwa mimea mingi ni jambo jema. Kwa huu hapana. Na watoto wafundishwe kuacha matunda yake, hasa ya kijani.

Jambo la pili linawahusu hata wasio na ng'ombe. Mbung'o wa Katavi hawahitaji kutambulishwa kwa mtu aliyewahi kufungua dirisha la gari ndani ya hifadhi. Mdudu huyu hatagi mayai. Huzaa buu mmoja mmoja, na buu huyo hujichimbia kwenye udongo laini wenye kivuli. Kichaka kizito kisichopenywa na jua kinampa kila anachotaka. Huko Busoga, mashariki mwa Uganda, mashamba ya kahawa na pamba yalipotelekezwa katika miaka ya 1970, lantana iliyafunika hadi milangoni mwa nyumba, na vichaka hivyo vikawa makazi ya mbung'o katika mlipuko mkubwa wa malale ulioanza 1976. Mbung'o wa Busoga ni wa aina ya kando ya maji, si yule anayetawala miombo yetu, kwa hiyo sisemi kwamba uzio mmoja Makanyagio utaleta malale. Lakini Glossina pallidipes, anayependa vichaka, yupo Tanzania, na wazee wa magharibi mwa nchi hii wanakumbuka habari za serikali ya Waingereza ilivyowahamisha watu na kuwakusanya katika makazi ya pamoja, kisha ikawafyekesha vichaka pande zote, kwa sababu ya ugonjwa huohuo. Kupanda kichaka cha kudumu nyuma ya jiko, katika mkoa huu, ni kupuuza kitu ambacho babu zetu walikilipia.

Wapo wanaoitetea, na wana hoja. Vijiti vyake vikavu ni kuni nzuri za kuwashia. Wakulima wa viazi mviringo hutandika majani yake ghalani ili nondo wa viazi asiingie. Kule kusini mwa India, watu wa jamii ya Wasoliga hutengeneza viti, meza na hata sanamu za tembo kwa fito za lantana zilizochemshwa na kumenywa. Yote hayo ni kweli. Ila Wasoliga hawakupanda lantana ili wapate viti. Misitu yao ilikwisha kumezwa, wakaamua kula na mgeni aliyekataa kuondoka. Sisi bado tuko upande mwingine wa hesabu hiyo. Ikiwa iko kwenye kiwanja chako, itumie unapoing'oa. Usiipande ili uitumie.

Kuna na wale wanaouliza kwa nini serikali isilete wadudu wa kuila. Waliletwa. Afrika Mashariki ilifungulia kunguni mdogo wa majani aitwaye Teleonemia scrupulosa zamani, na katika miaka ya 1960 nchini Uganda wadudu hao walikutwa wakifyonza ufuta. Mkoa ambao ufuta wake unauzwa kwa mnada wa stakabadhi ghalani usiwe na haraka na dawa ya namna hiyo. Mambo hayo waachiwe watafiti na vibali vyao. Kazi ya kwako na kwangu ni ya jembe.

Kuing'oa

Hakikisha kwanza unachokikata. Shina la lantana lina pembe nne ukilipapasa, na vimiiba vidogo vilivyopinda kurudi chini. Majani yamekaa mawili mawili yakitazamana, yanakwaruza kama msasa, na ukiyasugua mkononi yanatoa harufu kali ambayo wengine huichukia. Matunda yamesongamana kwenye kichwa kimoja, kijani kwanza, kisha meusi. Usiichanganye na ndugu yake wa asili, Lippia javanica, asiye na miiba, mwenye vijiua vidogo vyeupe na harufu inayokaribia ndimu, ambaye watu wengi huyachemsha majani yake kwa kikohozi. Huyo mwache. Kuna pia lantana ya kutambaa yenye maua ya zambarau inayouzwa kwa ajili ya vyungu na kingo za njia. Muuzaji atakwambia hiyo haina shida. Nayo imekwisha kutoroka bustani katika nchi nyingine. Vilevile wapo wanaonadi aina "zisizozaa". Baadhi hazizai matunda kweli, lakini chavua yake inaweza kuwafikia jirani zake wanaozaa, na wewe sokoni hutaweza kuzitofautisha. Njia rahisi ni kutonunua yoyote.

Wakati mzuri wa kung'oa ni mvua zikishakolea, kuanzia Desemba hadi Machi, udongo ukiwa umelainika. Mche usiozidi magoti hutoka kwa mkono wenye glovu. Kiangazi utavuta, shina litakatikia juu ya ardhi, utadhani umemaliza, na Novemba litatoa machipukizi matano palipokuwa na moja. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi: watu hufyeka. Kufyeka lantana ni kuipogoa. Kuichoma moto ni vivyo hivyo, kwani juu kunaungua na chini kunachipua, na wakati huohuo umeanzisha moto kichaa ambao Katavi haihitaji kuongezewa. Matawi makavu ya lantana huwaka vibaya na kuupeleka moto kwenye miti ambayo nyasi peke yake zisingeifikia.

Kwa hiyo anza na matunda. Kabla ya panga kugusa kitu, zunguka kichaka na mkasi au kisu, kata vichwa vyote vyenye matunda, mabichi na mabivu, uviweke ndani ya kiroba. Usiviburute uwanjani. Kiroba kikijaa kifunge, na matunda uyafukie kwenye shimo refu, au yachomwe ndani ya pipa, si kwenye jalala la mtaa ambako kuku na ndege watakusaidia kusambaza. Kama kichaka kina maua tu na matunda hayajaanza, una bahati. Fanya kazi wiki hiyo.

Kisha kata mashina, ukibakiza kisiki cha kiasi cha kiganja ili upate pa kushika. Vaa shati la mikono mirefu na viatu. Vimiiba vyake havionekani hadi viwe vimekuingia. Sasa sururu. Mizizi mikubwa ya lantana haiendi chini sana kama ya mninga. Kitu unachokitafuta ni lile fundo la shina linalokutana na mizizi, maana machipukizi hutokea hapo. Fundo likitoka zima, vijizizi vyembamba vilivyobaki mbali havitakusumbua. Ligeuze, mizizi ikitazama jua, uliweke juu ya jiwe au bati, lisiguse udongo. Matawi nayo yasilale kwenye ardhi yenye unyevu, kwa sababu hushika mizizi yakiwa yamelala. Yarundike juu ya kitu kikavu, na yakishakauka kabisa yafanye kuni.

Palipo na mwamba, au kisiki kimejibana kwenye ukuta wa nyumba, utalazimika kutumia dawa. Nenda duka la pembejeo lenye kibali, nunua kiuagugu chenye glifoseti kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, na usome maelekezo ya kwenye chupa kabla ya kufungua kifuniko, siyo baada. Usipulize kichaka kizima. Kata shina jipya karibu na ardhi, na papo hapo, kabla utomvu haujakauka, paka dawa juu ya jeraha kwa brashi. Ukichelewa hadi umalize kukata vyote ndipo urudi kupaka, umepoteza dawa. Kazi hii nayo hufaa wakati wa mvua, mmea unapokuwa hai na kuvuta kwenda chini. Septemba umelala, na dawa itabaki juu juu. Chagua siku isiyo na dalili ya mvua saa chache zijazo, kaa mbali na kisima na mfereji, na chupa tupu itobolewe. Nimeona chupa za viuagugu zikibebea mafuta ya taa na hata maji ya kunywa shambani, na hakuna kichaka duniani kinachostahili gharama hiyo.

Mwenye eneo kubwa, tuseme shamba la kurithi lililoachwa miaka mingi, atakuwa na hamu ya kuvamia pale palipojaa. Asifanye hivyo. Aanze na vichaka vya peke yake, vile viwili vitatu vilivyo mbali, kando ya mto au kwenye mpaka wa msitu, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyofungua uwanja mpya. Akivimaliza, aje ukingoni mwa kichaka kikubwa na kukila taratibu kuelekea ndani, kipande anachoweza kukirudia. Robo eka iliyong'olewa na kurudiwa misimu mitatu ni ushindi. Eka tano zilizong'olewa mara moja na kuachwa wazi ni kitalu, maana mbegu zilizolala ardhini kwa miaka zimepata jua kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo usiache udongo uchi. Hii nairudia kwa sababu watu huchoka wakishang'oa na kwenda kupumzika. Panda maboga, kunde, viazi vitamu, chochote kinachotandaa haraka na kufunika. Kwenye malisho, nyasi. Kando ya mto, miti ya asili ya hapohapo. Lantana haipendi kivuli kizito, na msitu ambao haujatobolewa huizuia kuliko panga lolote. Vijiji vya Wilaya ya Tanganyika vinavyotunza msitu wa Ntakata na kupata fedha za hewa ukaa vinaelewa hesabu ya mti uliosimama. Mpaka wa msitu uliochokozwa na barabara au shamba jipya ndio mahali pa kukaguliwa kila mwaka, kabla kichaka kimoja hakijawa kumi.

Nini badala yake

Anayetaka rangi apande haibiskasi. Hukubali kipandikizi, huchanua karibu mwaka mzima ukiimwagilia kidogo, na ile ya kawaida ya bustani ni nadra kutoa mbegu. Bogenvilia nayo inafaa ukutani, ina miiba ya kutosha kumkatisha tamaa mwizi, na inavumilia kiangazi chetu. Mtu wa pwani mwenye kiu ya nyumbani apande mhina: ni uzio mzuri ukipogolewa, maua yake yananukia jioni, na majani yana kazi siku ya harusi. Kwa uzio wa mifugo, mtandamboo ni wa asili, una miiba mikali, maua meupe yenye harufu, na matunda ambayo watoto wanayala bila wewe kukimbilia hospitali. Mnyaa hushika upesi kuliko vyote, lakini utomvu wake unaweza kumpofusha mtu, hivyo siuweki karibu na nyumba yenye watoto wadogo.

Na vipepeo? Kinachowavuta kwenye lantana ni asali ya ua, yaani kinywaji. Watoto wao, wale viwavi, wanahitaji majani, na lantana haiwalishi wengi. Panda mndimu. Yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano atataga juu yake, utapoteza majani kadhaa, na ndimu utazipata.

Jihadhari na kumwondoa mwizi kwa kumkaribisha ndugu yake. Alizeti pori ya maua makubwa ya njano, inayopendeza sana barabarani baada ya mvua, ina tabia zilezile. Ile senna ya Mahale bado inauzwa kama mti wa kivuli. Mlusina, pamoja na sifa zake za malisho, hujisambaza ovyo ukiachwa uzae. Ukipewa mche usioujua, swali la kumwuliza muuzaji si kama unakua haraka, kwa kuwa atasema ndiyo akidhani anakufurahisha. Mwulize kama unajiotesha wenyewe.

Utakapomaliza kwako utatazama ng'ambo ya uzio na kuona ya jirani. Hapa busara itangulie. Bibi aliyepanda lantana yake mwaka aliojenga nyumba, anayekaa chini yake kila jioni akichambua mchele, hafuatwi na mtu mwenye picha za ng'ombe wagonjwa kwenye simu. Mfuate ukiwa na salamu zako kamili, umwamkie, ukae, uulizie wajukuu. Mwambie umeng'oa ya kwako na sababu yake. Halafu jitolee: wewe na vijana wako mtachimba, na miche ya haibiskasi umekuja nayo. Watu wachache wanakataa bustani mpya isiyowagharimu. Akikataa, mwombe basi akuruhusu kukata vichwa vya matunda kila vinapotokea. Hilo peke yake linapunguza sehemu kubwa ya hatari.

Kwa shule, zungumza na mwalimu mkuu kabla ya mashindano ya mazingira, kwani ndipo miche ya kila aina huingia. Wenye nyumba za wageni na kambi za kule Sitalike nawaomba zaidi kuliko wote: mgeni aliyelipa kuja kuona Katavi hakuja kuona maua ambayo angeyaona popote duniani, na bustani yenu iko hatua chache kutoka hifadhini. Vijiji vina njia nyingine, nayo ni sheria ndogo; mkutano mkuu wa kijiji ukikubaliana kwamba lantana haipandwi na iliyopo inang'olewa kabla ya kuzaa, mwenyekiti ana pa kusimamia bila kuonekana anamwonea mtu.

Ukikuta kichaka mahali ambapo si pako, kando ya barabara ya Sumbawanga, kingoni mwa Katuma, au ndani ya msitu wa hifadhi, usianze kuchimba; ndani ya hifadhi ya taifa hata kung'oa gugu kunahitaji ruhusa. Piga picha nne: kichaka kizima, ua, majani kwa karibu, na shina lenye miiba. Washa alama ya mahali kwenye simu, au taja kitu kinachojulikana kilicho karibu, kalavati, kibao cha kilomita, daraja. Peleka kwa ofisa misitu wa halmashauri au kwa askari wa TANAPA getini Sitalike, na uandike tarehe, kwa sababu wakifika baada ya miezi miwili watataka kujua kama matunda yalikuwa bado ya kijani siku uliyoyaona.